Maji ya Wakati wa Mtihani

Wawira mjukuu wangu,

Huku Kibugu sote tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unaniuliza usomee mtihani nyumbani au ubaki shuleni.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, tulifungiwa kijijini, lango likifunguliwa kwa muda mfupi tuchote maji. Mama alilazimishwa kuchimba handaki la kuzingira kijiji, kwa hivyo maji yalikuwa kazi yangu. Mtihani ulipokaribia, majirani wakaniambia, "Wewe keti usome." Walishuka mtoni, kijiji kikanyamaza, nikasoma. Wakirudi, kila mmoja alimimina kidogo kwenye mtungi wetu. Nilipita. Mpaka leo nawaombea.

Kwa hivyo soma popote penye mtu wa kukupunguzia kazi. Shuleni mna mfereji wa maji. Ukija huku, mtungi usiuguse. Mtoni nitashuka mimi, polepole.

Cucu wako