Kidole Kilichokataa Kuinuka

Homa Bay, Jumanne

Mama Wakesho mpenzi,

Nakusalimu wewe na watoto hapo Voi. Mimi mzima, isipokuwa mguu wa kulia. Juzi sokoni punda wa muuza maji alinipiga teke upande wa nje, chini kidogo ya goti. Nilicheka pamoja na watu, nikaenda kula samaki ngege na ugali. Niliposimama, mguu ukawa unaburutika chini kama kiatu cha kuazima.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, ni Mjaluo mpole. Aliweka vidole viwili mgongoni mwa wayo wangu, akatafuta mpigo. “Damu inapita, omera, ndugu yangu, na mfupa iko sawa. Sasa inua hii kidole kubwa.” Nilikaza mpaka jasho likanitoka. Kidole kikanitazama tu. Akasema pale nilipopigwa mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa, chini ya ngozi tu, na ndio unaoamrisha misuli ya mbele ya muundi. “Ngoja wiki mingi. Labda itaamka.”

Hiyo labda yake siipendi. Kukanyaga naweza, maana shavu la mguu ni zima. Kuinua ndiko siwezi, na pedali ya cherehani yangu inataka yote mawili. Asubuhi naogopa kufunua shuka.

Mungu awalinde nyote. Na ile cherehani ya mkono ya mama yako, niliyokuwa nikiicheka, tafadhali itie mafuta.

Fundi wako,
Baba Wakesho