Mabano Mawili

Jumamosi, 4 Machi 2023

Kikao cha wasimamizi wa kundi la mtandaoni la Ikulu ya Kunguru kimekula mchana mzima. Watu watano wazima, kila mtu na simu yake, tunajadili mashetani! Mwenyekiti Turat. Hapa mjini Bishkek anauza matairi. Kwenye kundi ni Mfalme wa Wanyonya Damu na ana wake wanne, wote wa kuandikwa. Mchezo wetu ndio huo: kila mtu ana mhusika wake, tunaandika kwa zamu, hadithi inasonga.

Maazimio. Kukata vichwa: ruksa. Kunywa damu ya binamu: ruksa, ila onyo litangulie. Kuiba bibi-arusi, yaani kumteka msichana njiani na kumwoza kwa nguvu kama wafanyavyo wengine hapa kwetu: marufuku, kifungu cha saba. Nikauliza kwa nini. Turat akasema jambo hilo linatia taifa aibu. Wanyonya damu hawatii taifa aibu, nadhani kwa kuwa hawana pasipoti yetu.

Halafu mabano. Siku zote, ukitaka kusema la kweli, nje ya hadithi, unaliweka ndani ya mabano mawili. ((Naenda kuoga.)) ((Mama ananiita.)) Turat anasema yanaharibu sanaa. Kwa hiyo kuanzia leo ujumbe wenye mabano ufutwe papo hapo. Na nani atengeneze roboti ya kufuta? Mimi, nani mwingine. Napokea simu kliniki ya meno, basi wanaamini nina nafasi.

Nimeitengeneza kwa nusu saa. Inafanya kazi. Nimejipongeza kwa sambusa mbili.

Jumatatu, 6 Machi

Roboti imemeza jumbe arobaini. Watu wananung'unika, mimi nacheka. Mpe mtu funguo umjue!

Lakini kundi limepoa. Umande, kwa mfano — anayeandika mchawi wa barafu, na anaandika vizuri kutuzidi sote. Sijawahi kumwona. Najua anasomea uuguzi, na ana paka mwenye jicho moja. Yote nimeyajua kwenye mabano. Tangu jana kimya.

Jumatano, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Turat kabandika waridi asubuhi na mapema, na maneno: bila ninyi maisha hayana rangi. Wanyonya damu wote wakapiga makofi.

Saa sita mchana Umande kaibuka na kipande kipya. Hakuna mchawi, hakuna barafu. Msichana tu, amewekwa nyuma ya pazia kwenye nyumba ya watu. Wanawake watano wamemshika. Wanamfunga kichwani kitambaa cheupe cha bibi-arusi, anakivua, wanamfunga tena. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, analia huku akimshika mkono. Bibi kizee kajilaza kizingitini, na nani atamruka bibi kizee ajitafutie laana? Dirishani: bomba la maji la rangi ya buluu, na basi bovu lisilo na magurudumu.

Nikatoa maoni. Eti vizuri, lakini huyo bibi wa kizingitini ametumika mno, na basi bovu linafanya nini hapo? Katika hadithi kila kitu kiwe na kazi. Mkosoaji mkuu huyo, mdomo umejaa keki.

Wengine wakasifu: uhalisia ulioje! Turat akasoma kifungu cha saba. Imeitishwa kura: Umande afukuzwe au abaki. Mwisho kesho adhuhuri.

Alhamisi, 9 Machi

Kliniki imefungwa. Daktari anaumwa jino. Sizui!

Nimekuja kwa Mama kunywa chai. Yuko jikoni anakaanga boorsok, vile viandazi vyetu vidogo. Nikamsomea kile kipande cha Umande kumchekesha. Mama mwenyewe aliibwa, mwaka tisini na moja, akitoka darasa la ushonaji. Nyumbani hiyo ni hadithi ya kuchekea: kila sikukuu ya Nooruz Baba huwaambia wageni alimchagua kama tikiti maji, kwa kumgonga na kusikiliza. Mama naye hujibu kwamba jiwe ni zito pale lilipoangukia. Ndiyo methali yake: msichana akae alikopelekwa. Baada ya hapo huleta nyama.

Leo hakuitaja. Akazima jiko.

"Soma tena hapo pa yule anayelia."

Nikasoma.

"Huyo habuniwi," akasema. "Bibi kizee atabuniwa na yeyote. Lakini huyo anayekushika huku analia, kwa kuwa yeye mwenyewe aliletwa mwaka jana... Mimi pia nilikuwa na wangu. Alinishika mkono huu."

Nikafungua orodha ya vilivyofutwa na roboti. Sikuwahi kuifungua hata mara moja. Jana, saa tano asubuhi, Umande. Mara tatu.

((Jamani hii si hadithi.))

((Nimeibwa tangu Jumapili. Huyu dada mdogo kanirudishia simu yangu kwa siri. Nimempigia baba, kasema nitulie.))

((Sijui jina la kijiji. Njia ya ziwani, baada ya daraja. Bomba la buluu. Basi bovu. Mbona mnafuta?))

Mbona mnafuta. Ndipo akaandika kama hadithi. Hadithi peke yake ndiyo niliyoiacha ipite. Na mimi nikamwuliza basi linafanya kazi gani!

Nimezima roboti. Nimeandika kundini: ((Umande, tumekusoma.)) Hakuna jibu. Nimempigia Turat asimamishe kura. Kasema kanuni ni kanuni, dada, thelathini na moja wanataka afukuzwe, kumi na mbili abaki, tena zimebaki dakika ishirini. Nimemtukana tusi ambalo halina hata onyo la kutangulia.

Polisi. Jina lake? Umande. Umande nani? Sijui. Unamfahamu vipi? Ni mchawi wa barafu. Nililisikia likitoka kinywani mwangu mwenyewe. Askari kavuta pumzi, akauliza kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa: sasa dada, hii ni hadithi au ni kweli?

Mama kashavaa viatu, ufunguo wa gari la Baba mkononi. Kaninyang'anya simu, kaiweka spika.

"Ni kweli," kamwambia. "Mimi nilikuwa humo."

Lini, mama?

"Tisini na moja."

Daftari liko gotini, naandika alivyosimama, kwa kuwa hajakaa na hajalia. Huko upande wa pili naisikia kalamu ikisita. Askari anauliza aandike kesi moja au mbili, ya Umande tu au na yake Mama. Mama ananitazama mimi, binti wa Baba.