Maswali ya Nyuma ya Pazia

Jumapili, jioni. Joto limekaba. Mawingu yamejazana upande wa Karavia tangu saa za misa, na mvua inakataa kunyesha. Mimi pia niko hivyo: nimejaa, sinyeshi.

Kesho asubuhi nakaa mbele ya jopo. Ofisi moja ya mkoa inayotunga sera ya polisi wa mitaani inatafuta mtu wa kuzunguka hapa kwetu, asikilize raia wanataka nini kwa polisi, kisha awaeleze wakubwa. Tangazo lilisema diploma ya sekondari inatosha. Naitaka kazi hii sana.

Na bado, nikitwanga sombe, majani ya muhogo, macho yanakwenda kwenye pete. Serge, mume wangu. Naandika tena: mume wangu! Sichoki.

Yeye ndiye aliyekuwa jopo langu wiki nzima. Alivaa tai, akakaa nyuma ya meza ya kupigia pasi, akauliza, "Mama, usalama ni nini?" Nikajibu sentensi niliyoikariri. "Umepita!" akasema, akanibusu kwenye paji la uso. Nilichanganya kazi ya meya na kazi ya kamanda: nimepita, busu. Nilisahau jibu lote: busu mbili.

Jopo la namna hiyo sitalipata kesho.

Ndiyo maana leo amemwita baba yake kutoka Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, si ile nchi. Papa alikuwa polisi mpaka alipostaafu. Shida ni bukwe, heshima ya wakwe. Kwao bibi mpya hakai uso kwa uso na baba mkwe, wala hamtazami machoni, mpaka siku mzee atakapomtumia kuku. Harusi yetu bado mbichi, kuku hajaja. Basi papa akakaa sebuleni, mimi nikakaa chumbani nyuma ya pazia, na Serge akasimama katikati kubeba maneno, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri.

Papa alisikiliza majibu yangu ya kwanza, akakohoa. "Serge, umwambie bibi yako, ile jibu iko ya mu kitabu. Haina muntu ndani."

"Shériye, mupenzi, papa anasema jibu iko muzuri sana, ila..."

"Serge! Sikusema vile!"

Nilicheka ndani ya mto.

Kisha likaja lile swali. "Umuulize: juu ya nini bantu banaogopa kuita polisi?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri, na neno "uhamasishaji" mara mbili ndani yake. Lakini nyuma ya pazia hakuna macho, na mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema tunawaogopa. Nikasema wezi wakiingia kwa jirani tunapiga sufuria mpaka mtaa wote utoke, kwa sababu ukienda posti ya polisi unaulizwa kana kwamba mwizi ni wewe. Nikasema siku Serge aliponiambia baba yake ni polisi, nusura nimwache.

Serge hakulibeba hilo jibu.

Kiti cha papa kikatoa mlio. Nikajua nimevunja ndoa yangu kabla sijaizoea.

"Atoke," papa akasema. "Arudilie yote, akiniangalia mu macho."

"Papa, na bukwe?" Serge akauliza.

"Kuku itakuya nyuma."

Nikatoka. Nikainua macho, na, jamani, ni macho ya Serge! Yaleyale, yamechoka tu pembeni. Nikaanza vizuri: woga, sufuria, posti. Nilipofika "nusura nimwache," macho yakaanguka sakafuni na sauti ikafuata.

Papa alingoja. Sikuweza. Hakusema nimepita.

"Kesho habatakungojea," alisema, safari hii kwangu mimi mwenyewe, akachukua kofia yake, akaondoka.

Tangu hapo situlii. Nimefagia ua uliokwishafagiliwa. Nimemuumiza? Au alitaka nisimuonee haya hata yeye? Serge ananyoosha blauzi yangu nyeupe kwa pasi ya makaa, maana umeme umekatika, na anaimba vibaya, na nampenda hata kwenye noti anazokosa. Ananiambia babake hakasirikagi. Huyu ndiye yule wa busu mbili. Nimwamini vipi?

Kabla giza halijaingia, pikipiki imesimama mlangoni. Dereva amenipa kuku mwekundu, miguu imefungwa kamba. "Ya bibi ya Serge. Ametuma muzee mumoja wa Kenya." Hakuna neno lingine.

Nimelia kidogo. Serge amepiga kelele za furaha mpaka jirani ameuliza kama kuna wezi.

Sasa kuku yuko uani, karibu na pipa la maji. Nimechuchumaa mbele yake, nimemwambia jibu lote toka mwanzo, na lile la mwisho pia. Ananitazama bila kupepesa.

Mimi pia.