Majanti Nimeuza, Kamba Nimebaki Nayo

Papa Neema, bwana yangu mwenye kupotelea Walikale,

Niko nakuandikia wazi, bila bahasha, kwa sababu simu yangu hauishike tena. Dereva mwenye kukuletea hii barua ataisoma, abiria wake watacheka, na wacheke. Mwisho itakufikia.

Majanti yako, zile rimu za gari, nimeuza. Yote ine, pamoja na mipira yake.

Unakumbuka ulivyoyaleta? Tulikuwa na ng'ombe mumoja tu, mutamba hajazaa bado, yule baba yangu alitupatia kisha ndoa, kama desturi inavyotaka. Ukamuteremusha Goma, ukamuuza, ukarudi na majanti ya kung'aa na mipira myembamba ya kukimbilia mu lami. Lami, huku kwetu Masisi! Baba alitazama barabara ya mawe, akatazama ile mipira, akauliza tu: "Na hii, inakamuliwa wapi?"

Ukayapa majina ya ng'ombe. Bihogo na Gaju mbele, Sine na Mpara nyuma. Kila siku ya posho, Jumamosi, uliyachemushia maji, ukayasugua na kitambaa, ukayaimbia sifa, wewe mwenye hukunisifu hata siku nilikuzalia Neema. Nilikuwa na wivu, ndiyo. Kuonea chuma wivu ni haya, lakini nilikuwa nao. Nikitaka kupanda gari ulisema, "Mama, toa kwanza mabote, usimumwagie Gaju matope." Nilikaa pembeni yako miguu wazi, bila kiatu, na baridi ya huku unaijua.

Ulipoenda Walikale kutafuta maisha, ukarudishia gari mipira ya zamani, maana ile njia ya pori haina huruma. Majanti ukaniachia mimi. "Unitunzie. Nikirudi tutayavalisha." Nikayapanga mu chumba, upande wako wa kitanda. Nikayapangusa vumbi. Asubuhi zingine nikayasalimia, mujinga mimi.

Kisha akapita huyu dereva, anatokea Mpofi, huko kwako Walikale. Nikamuuliza habari yako. "Papa Neema? Iko muzima, mama. Iko na mama fulani mwenye kuuzisha mawese. Wanatembeaka pamoja mu gari." Mimi nikauliza jambo moja tu: huyo mama, miguuni alivaa nini?

"Mabote, mama. Matope mpaka magoti."

Mabote, Papa Neema! Mu gari yako! Hapo njo roho ilinipasuka. Mawese yake ningeyavumilia. Na huko mu pori ng'ombe hakuna, nani anakugandishia maziwa? Ao siku hizi mu koo yako kunapita mafuta ya mawese tu?

Jioni ile ile ukatuma sauti yako mu simu: "Bihogo na wenzake wako muzuri? Usiache jua iwapige." Hukuuliza Neema. Hukuuliza mimi. Kesho yake nikatafuta muteja, na papa mumoja wa Goma akapanda kuyachukua.

Lakini sikiliza vizuri. Siku ulimuuza mutamba wangu, ulirudi na kamba yake begani, ukaitundika ukutani. "Kamba haiuzwake na ng'ombe," ulisema. "Mwenye kubaki na kamba, mali inamurudilia." Basi na mimi, wakati muteja anapakiza, nikatoa vile vifuniko vidogo vya katikati ya majanti, vyote vine. Akanung'unika. Nikamwambia, kwetu njo desturi.

Ile hela nimenunua mutamba. Mwekundu, macho makubwa, mukaidi kama wewe. Nimemufunga na ile kamba yako ya ukutani. Umeona? Ulisema kweli, kamba inarudisha.

Vifuniko vyako niko navyo mu pindo ya kikwembe yenye nimejifunga. Vinanigonga kiunoni nikikamua ng'ombe za baba, vinanigonga nikisali. Sikuite urudi. Yule wa mawese asiseme eti Mama Neema anabembeleza.

Ila kama siku moja njia itakuleta, kuja peke yako. Na mabote, utoe mulangoni.

Ni mimi bibi yako, mwenye kubaki na kamba,
Mama Neema