Mji, kwa Lugha ya Mama Yangu

Nyakakika,
8 Juni 2024

Mwanangu Kokushubira,

Shikamoo uliyomtuma Dastan nimeipokea, marahaba sana. Habari za Kihanga, na wanafunzi wako? Sisi tupo. Mama yako ameshinda kwenye kahawa, akirudi ananicheka kwamba nimekuwa mtoto wa kunyweshwa uji. Kifua hakijapoa, na sidhani kitapoa.

Umesema kaka yako Muhwezi anataka nikifa nizikwe Igurwa, penye ukoo wangu, na kwamba wazee wa kule hawamkumbuki babu yenu ila hawawezi kuninyima kaburi mwalimu kama mimi. Hilo nitalijibu. Nianze na swali la wanafunzi wako, maana limenifurahisha: neno mji limetoka wapi?

Watu wa pwani zamani waliita mji hata nyumba chache za jamaa mmoja. Mji pia ni pale mtoto anapokaa tumboni mwa mama yake. Baadaye neno likahamia kwenye maduka na barabara. Wakikuyu nao wanalo, wanatamka mũciĩ, na naamini mzizi ni mmoja. Ila kwao halikuhama. Mũciĩ ni nyumbani: ua, moto, chungu cha mama. Huku anayekwenda mjini anaaga. Kule anayekwenda mũciĩ anarudi. Nimelifikiria miaka mingi, wala sijalichoka.

Utauliza nimeyajuaje haya. Mwanangu, mimi ni Mkikuyu. Mwaka 1954, huko Kenya, askari walimchukua baba na nyumba yetu ikachomwa. Mama alinipandisha kwenye lori la mjomba, akanionya nisiseme lugha yetu mbele za watu. Nilifika huku nikachunga ng'ombe wa watu wema, nao wakanisomesha. Nilipomposa mama yako, babu yako mzaa mama aliuliza ukoo wangu. Nikataja Igurwa, nilikowahi kupita tu. Baada ya harusi nilimweleza mama yako ukweli. Alicheka kwanza, kisha akasema, “Nyamaza, Elieza. Watoto wapate ukoo.” Nikanyamaza.

Mwambie Muhwezi awaombe radhi wazee wa Igurwa. Nizikeni hapa kibanjani, kwenye migomba. Sina baba wa kulala karibu naye. Nitakuwa wa kwanza, ili wajukuu wakiulizwa kwao ni wapi, wasitaje mahali pa kubuni.

Wabusu watoto. Mama yako anakusalimu, na anasema ukija ulete chumvi.

Mimi baba yako,
Elieza, ambaye mama yake alimwita Gathogo