Ubeti Ambao Santuri Haikuubeba

Jumatatu. Manyunyu tangu alfajiri, soko lote la Toi ni matope, wateja hakuna. Nimefunika viatu vyangu kwa nailoni, nimeketi chini ya mwavuli na simu mkononi, na nina furaha ambayo nadhani si ya Kiislamu kabisa.

Jana nimelipiza kisasi. Kilikuwa kitamu.

Naandika yote leo kwa sababu najijua. Nikipoa nitaanza kujifanya sikukasirika hivyo. Nilikasirika. Kwa mwezi mzima nimekuwa nikisugua viatu vya mitumba kana kwamba kila kimoja ni uso wa Kevo.

Kevo ni kijana wa Kawangware, familia ya wenye ploti, watu wa hapo tangu zamani. Guka yake, yaani babu yake, marehemu Mbugua, ndiye sauti unayoisikia kwenye zile santuri za dansi za baada ya vita. Nilimsikia Kevo kwenye redio ya jirani yangu hapa sokoni, akisema ameokoa santuri zote zilizokuwa kabatini kwao na ataziweka mtandaoni, zikumbukwe kama kazi ya guka yake, mwimbaji na mtunzi.

Mtunzi!

Mtunzi alikuwa babu yangu, Mursali wa Kibra. Alirudi kutoka vita vya Burma na tarumbeta, na kichwa kilichojaa dansi aliyoisikia kwa wanajeshi wa Kimarekani. Alitunga maneno, akatunga muziki, akaifundisha bendi nzima kwa kuipigia mluzi. Kitu kimoja tu Mungu alimnyima: sauti. Mama husema babu akianza kuimba, kuku walitoka uani wenyewe. Ndiyo maana alimpa Mbugua aimbe. Na kwenye ile karatasi ya katikati ya santuri likaandikwa jina la aliyeimba, basi.

Hilo peke yake labda ningelimeza. Lakini Kevo akaendelea. Akaucheza wimbo wa "Viatu vya Zubeda", halafu akacheka na mtangazaji kwamba huyo Zubeda alikuwa kidosho fulani wa mjini aliyemzuzua guka.

Zubeda ni nyanya yangu. Viatu vyake vilikuwa vikilia akicheza kwenye harusi, babu akaokota mdundo kutoka kwa mlio huo, kisha akamwoa mwenye viatu. Mimi nilipewa jina lake. Ndiyo, najua, Zubeda anauza viatu. Wateja wameshanitania vya kutosha.

Kisha likaja la mwisho, ambalo lilinifanya niweke brashi chini. Wimbo ule hukatika ghafla, tarumbeta ikiwa bado inapanda. Kevo alieleza kwamba hapo ndipo unaona guka alikuwa jiniasi, alimaliza wimbo kwa namna ambayo hakuna mwingine angethubutu.

Jiniasi gani? Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba kama dakika tatu tu. Mzungu wa studio aliinua mkono, bendi ikanyamaza, na ubeti wa mwisho ukabaki nje. Na kila anayejua nyimbo zetu anajua ubeti wa mwisho ni wa nani. Hapo ndipo mtunzi hujitaja jina.

Babu yangu alikatwa na saa ya mtu.

Nilijaribu ustaarabu kwanza, hilo niandikiwe mahali. Nilitafuta namba ya Kevo nikampigia, nikamweleza kwa sauti ya kanisani. Akanisikiliza, akasema, "Lakini auntie, hizo ni story za wazee. Uko na proof?"

Nikamwambia asante, nikakata simu.

Proof ninayo, ila haikai kabatini. Wanawake wa Kibra hawakujifunza "Viatu vya Zubeda" kutoka kwa santuri. Tunauimba kwenye doluka, ngoma yetu ya harusi, na doluka haina Mzungu wa kuinua mkono. Tunauimba mpaka mwisho. Niliujua ubeti ule kabla sijaanza shule, na kila binti wa mtaa wetu anaujua. Nikaenda kwa Shangazi Hawa, dada mdogo wa baba, ambaye mkono wake juu ya ngoma unajulikana mpaka Bombolulu. Nilipomaliza kumweleza, pamoja na sherehe ya guka ambayo Kevo alikuwa akiitangaza, hakuuliza swali lolote ila moja: "Ni siku gani?"

Jumapili mchana, Kawangware, ukumbi ulio juu ya baa ya familia yao. Bango kubwa mlangoni: Siku ya Guka, Mtunzi Wetu. Tulipanda ngazi, Shangazi, mimi na wanawake wenzetu wa doluka, tukiwa tumejifunga gurbaba, vitambaa vyetu vya harusi, rangi zote za dunia, tukaketi meza ya nyuma na soda zetu. Watu walitugeukia wakitabasamu. Kevo mwenyewe alikuja kutukaribisha, akafikiri tumekuja kupamba sherehe. Nikamshukuru vizuri sana. Ngoma ilikuwa chini ya meza.

Niseme jambo moja la kweli hapa, maana kwingine sitalisema. Santuri ilipoanza kuzunguka na Mbugua akaanza kuimba, nilisisimka. Aliimba vizuri. Alimwimba nyanya yangu kana kwamba anamwona. Ningependa sana awe mwimbaji mbovu, na hakuwa, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Tarumbeta ikapanda. Ikakatika.

Watu walikuwa wameinua mikono wapige makofi, na kabla viganja havijakutana Shangazi Hawa akaipiga ngoma. Tukasimama wote.

"Mtunzi ukimtaka, usizunguke kwa mbali,
Shuka Kibra bila shaka, ulizia kwa Mursali!"

Tuliurudia na kuurudia, na vigelegele juu. Mambo mawili yalitokea ambayo sikuyapanga. La kwanza, ukumbi uliinuka kucheza. Nilitaka waaibike, nao wakawa wanakata kiuno, simu juu, wakirekodi. Kevo naye alikuwa akirekodi, jino nje, akaituma video papo hapo kwenye ukurasa wake wa Siku ya Guka. Kwa muda nilihisi kisasi changu kimegeuka burudani ya bure.

La pili ni baba yake Kevo. Mzee huyo, mtoto wa Mbugua, alikuwa ameketi mbele kabisa, na hakuinuka. Nilisogea nikicheza mpaka mbele yake. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yetu, neno kwa neno, mpaka "Mursali".

Alikuwa anaujua. Ameujua maisha yake yote!

Akaniona nimemwona. Akavua kofia, akaiweka magotini na kuitazama. Hapo ndipo nilipokula utamu wangu, na sitaomba msamaha. Nyuma yangu nilisikia mtu akimuuliza Kevo, "Sasa huyu Mursali ni nani?" Kevo akamgeukia baba yake apate jibu, na baba yake hakuinua macho.

Leo asubuhi simu imelia nikiwa napanga viatu. Kevo. Sauti ni nyingine kabisa.

"Sasa auntie. Ile video imeenda mbali, kila mtu anauliza Mursali ni nani. Nimeongea na mzee wangu. Si tuandike tu 'Guka, featuring Mursali'?"

Featuring! Kwa wimbo wake mwenyewe, kwa mke wake mwenyewe!

Sikupiga kelele. Nilimwambia ataandika Mtunzi: Mursali wa Kibra, kwenye kila wimbo, na chini yake, kama kuna nafasi, aandike nani aliimba. Akakubali haraka, nikajua bado sijashiba. Akauliza kama anaweza kuja kuomba radhi.

Nimemwambia aje Ijumaa baada ya swala, yeye na baba yake. Watapewa chai na mandazi, sisi si washenzi. Mama atakuwepo, Shangazi Hawa atakuwepo, na majirani wataketi uani kama kawaida yao. Kisha kila mmoja atasimama peke yake, bila santuri na bila spika, auimbe ubeti wa mwisho.

Mzee najua ataupatia. Kevo atarudia mpaka niseme basi, na mimi sina haraka.