Jogoo Kazi Yake Kuwika

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Baba naye shikamoo, msomaji wetu.

Uliuliza nafanya nini na mayai huku maabara. Natoboa yai, nachukua tone la damu, najua kifaranga ni jogoo au mtetea kabla hajaanguliwa. Jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana, tunaziita Z. Mtetea ana Z moja na W moja. Kwenye Z kuna jeni: kifaranga akiipata mara mbili anakuwa dume, akiipata mara moja anakuwa jike. Baba hutoa Z tu, siku zote. Mama ndiye hutoa Z au W, kwa hiyo mama ndiye anayeamua! Jogoo kazi yake kuwika.

Mwanao, kifungua mimba

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Macho ni yale yale. Kitinda mimba anaandika, mimi nasema.

Barua yako Baba yako aliisoma mbele ya shangazi zako. Alipofika pale pa mama kuamua, akarudia. "Msomi wangu mwenyewe kasema!" Shangazi yako mkubwa akapiga makofi. Mabinti watano, na mkosaji amepatikana. Sikulaumu, umesema ulichosomea. Ila nimelia sana.

Mama yako

1 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mama, nilisema kuku! Kwa watu ni kinyume kabisa. Wewe una X mbili, huna kingine cha kutoa. Baba ana X na Y, na Y ndiyo inayoleta mtoto wa kiume. Sisi watano tumetokana na X zake. Hakuna mwenye kosa, lakini kama wanamtaka mtu, si wewe. Baba, tafadhali, na hii irudie mbele ya shangazi.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Baba yako aliisoma kimya kwanza, akaitia mfukoni, akasema hujambo, unatusalimu, kazi zimekubana. Mbona fupi hivyo? Nikadhani umeninunia.

Nimemruhusu aoe. Miaka yote alisubiri neno langu nikamnyima, nikidhani sina hatia. Harusi ni Jumamosi. Bibi harusi atachukua chumba chetu, mimi nimehamia kwa kitinda mimba. Usisumbuke kuja.

Nimemwomba radhi Baba yako kwa ubishi wangu wote. Amenisamehe.

Mama yako